Kuandika maisha yako kwa kurasa mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa na watu wengi wakiandika kipande kifupi kuhusu maisha yao na mambo wanayoyasimamia. Wengine wanawaandikia watoto, wengine wametakiwa wajieleze kwa maandishi, wengine wametoka kuuguza na kuna neno linawakaa kooni. Maswali yao hufanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Panapohitaji mfano nimetumia wa kwangu, kwa sababu ya kwao walinisimulia mimi, hawakuusimulia ulimwengu.

Kipande hiki kina tofauti gani na tawasifu?

Tawasifu hufuata maisha tangu kuzaliwa: ukoo, shule, kazi, ndoa, safari. Kipande ninachokizungumzia hapa huchukua tukio moja, yakizidi sana mawili, na kulitazama kwa karibu mpaka lionyeshe jambo unalolisimamia. Msomaji akimaliza huenda asijue ulizaliwa mwaka gani wala una watoto wangapi, ila atajua ni kitu gani huwezi kukifumbia macho.

Maisha yangu ni ya kawaida tu. Nina nini cha kuandika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, wenzake wakishaondoka.

Tukio kubwa lina ugumu wake. Linajisimulia lenyewe, na mwandishi anapata pa kujificha. Aliyenusurika ajali ataandika breki, vioo, wodi ya hospitali, na ukifika mwisho wa ukurasa umeijua ajali, yeye hujamjua. Jambo dogo halimfichi mtu. Augustino wa Hippo, mwishoni mwa karne ya 4, aliandika kurasa kadhaa akijihoji kwa nini alipokuwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba mapeasi ya jirani, mapeasi ambayo karibu yote waliwatupia nguruwe. Alikuwa ameshakuwa askofu, mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, na bado mapeasi yale yalimsumbua. Wizi wa matunda ni kosa la mtoto yeyote; alichokifanya yeye ni kutolipita haraka.

Kama huoni pa kuchimba, rudi ujanani. Watafiti wa kumbukumbu wameona tena na tena kwamba watu waliovuka miaka 40, wakiombwa kusimulia maisha yao, huchota zaidi kutoka umri wa miaka 10 hadi 30. Ni miaka ya mambo ya mara ya kwanza: mshahara wa kwanza, msiba wa kwanza, siku ya kwanza kumwona mzazi wako akilia. Andika kumi za namna hiyo kwenye karatasi, mstari mmoja mmoja. Ile ambayo mkono unasita kuiandika ndiyo ya kuanza nayo.

Nianzie wapi?

Usianze na neno "uaminifu", wala "upendo", wala "bidii". Anza na siku.

Ukiandika "Mama alinifundisha kufanya kazi kwa uaminifu", msomaji atakubaliana nawe na kusahau papo hapo, maana hata yeye aliambiwa hivyo nyumbani kwao. Sentensi hiyo niliiandika mimi mwenyewe, ikakaa kwenye daftari langu miezi mingi bila kuzaa ya pili. Kilichoikwamua ni kujiuliza: alinifundisha lini? Siku hiyo nilikuwa nimeshika nini mkononi? Jibu likaja mara moja. Nilikuwa nimeshika taa. Nikaandika hivi:

"Mama alikuwa mshonaji. Usiku mmoja, gauni la mteja likiwa limeshapigwa pasi, aliligeuza ndani nje akaona mshono wa ubavuni umepinda, kiasi cha upana wa ukucha. Kwa nje haukuonekana. Alinipa taa nimmulikie, akachukua wembe akaanza kufumua, huku vipande vya uzi akiviweka juu ya paja lake. Nilisinzia, taa ikayumba. Akasema, 'Isogeze.' Asubuhi mteja alilivaa, akajitazama mbele na nyuma, akafurahi, akaenda zake. Hakuligeuza."

Neno uaminifu halimo. Wembe umo, vipande vya uzi vimo, na neno moja alilolisema mama usiku kucha. Sikuvichagua ili kupamba. Ndivyo vilivyobaki kichwani mwangu baada ya miaka yote hiyo, nami naamini kumbukumbu haihifadhi kitu bure. Sentensi iliyonichelewesha ni ile ya mwisho. Rasimu tatu za mwanzo ziliendelea mbele kwa aya nzima, nikieleza kwamba mteja hakujua alivyotendewa, kwamba kazi njema haihitaji shahidi, na kadhalika. Nilipofuta yote nikabakiza "Hakuligeuza", nilijua nimefika.

Kwa hiyo fanya hivi: chukua dakika 10, andika tu ulichokiona, ulichokisikia na ulichokishika siku hiyo. Maana yake iache kwanza.

Sijui hata tunu zangu ni zipi.

Wachache wanaozijua kwa majina, na orodha za maneno mazuri hazisaidii sana, kwa kuwa ukisomewa maneno 50 ya sifa njema utayapenda yote 50. Tafuta mahali ulipoingia hasara na ungekubali kuingia tena. Ulipoteza fedha, au usingizi, au rafiki, au cheo, na ukirudishwa siku ile utafanya vilevile. Hapo pana tunu yako, hata kama huna jina lake. Mahali pengine pa kuchungulia ni hasira. Ni jambo gani halikuhusu hata kidogo, lakini ukiliona linatendeka damu inakuchemka?

Njia ya tatu ni kumuuliza anayeishi karibu nawe. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwandishi wa Marekani, alipokuwa kijana alijiandikia fadhila 12 za kujirekebisha. Rafiki yake mmoja akamwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana majivuno, akamtajia na mifano. Franklin akaongeza ya 13, unyenyekevu. Alikuwa na kijitabu ambamo kila fadhila ilikuwa na ukurasa wake, na kila alipoikosea alitia nukta. Haya aliyaeleza mwenyewe katika tawasifu aliyoanza kuiandika mwaka 1771, akiwa na miaka 65. Hizo 12 za kwanza zinaniambia alivyotaka kuwa. Ya 13 inaniambia alikuwa nani, na ninampenda zaidi kwa kutoificha.

Kiwe na urefu gani?

Maneno 400 hadi 800 yanatosha. Mwaka 1951 mtangazaji Edward R. Murrow alianza kuongoza nchini Marekani kipindi cha redio cha dakika 5, ambamo watu maarufu na watu wa kawaida walisoma mambo wanayoyaamini maishani. Ukitoa utangulizi na kufunga, aliyesoma alibaki na dakika tatu na kitu. Watu walieleza maisha mazima ndani ya muda huo, kwa sababu walilazimika kuchagua.

Kisome kwa sauti. Pale unapoanza kuharakisha ili upite, pakate.

Niseme wazi nilichojifunza, au nimwachie msomaji?

Unaweza kusema, ila mara moja, kwa maneno ya kila siku, na ikiwezekana pasiwe mwishoni. Somo likiwekwa mwishoni huligeuza tukio zima kuwa ngazi ya kupandia, na msomaji anahisi alipandishwa. Likidondoka katikati, wakati mambo bado yanaendelea, linasikika kama wazo lililokujia kweli.

Methali nazo zitumie kwa kiasi. Methali ni hekima ya wote. Hapa unatakiwa utoe ya kwako. Mara nyingi nikiona kipande kimefungwa kwa methali, hugundua kwamba mwandishi alikuwa anakaribia kusema jambo gumu, akaogopa, akaazima maneno ya wahenga.

Itakuwaje kama sikuishi kama ninavyoamini?

Basi hapo ndipo penye andiko.

Nilipomaliza kile cha mama na gauni nilikipenda, lakini kila nilipokisoma niliona kuna mtu anakosekana, na mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimejipaka sifa ya mama kama mafuta. Kulikuwa na jambo nimeliacha nje makusudi, na nililijua. Miaka mingi baada ya usiku ule, nikiwa kazini, niliandaa ripoti ambayo jumla ya safu moja haikulingana na risiti. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Ripoti ilitakiwa saa kumi jioni, nami niliiona tofauti ile saa tisa na nusu. Kuitafuta ilikuwa kazi ya usiku mzima. Niliibana kurasa, nikaipeleka. Hakuna aliyegundua mpaka leo. Hakuna aliyeigeuza.

Nilipoandika sentensi hiyo ya mwisho nilisimama nikatoka nje. Nilihisi kama nimemvunjia mama heshima kwa kumweka ukurasa mmoja na aibu yangu. Nikampa mdogo wangu asome. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Sasa nimekuamini hata ile ya taa."

Tangu hapo sijamshauri mtu aandike tunu yake bila kugusa siku aliyoiangusha. Msomaji anajua kwamba hakuna anayeshika msimamo wake siku zote 365. Ukimwonyesha siku ulizoshinda tu, atakupongeza na kuendelea na shughuli zake. Ukimwonyesha uliposhindwa, ataanza kufikiria ripoti yake mwenyewe.

Kuna tahadhari mbili. Kukiri kusigeuke kujichapa viboko hadharani, kwa kuwa hilo nalo ni namna ya kuomba kusifiwa. Liseme kosa kwa sentensi fupi kama ulivyosema mengine, usilie juu yake. Ya pili: kama kosa lako lilimuumiza mtu aliye hai, na hujawahi kumwomba radhi, nenda kwake kabla ya kwenda kwenye karatasi. Si haki akasome toba yako pamoja na wageni.

Sikumbuki vizuri. Naruhusiwa kujazia?

Kumbukumbu huhama hata pale tunapoapa haijahama. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi, asubuhi iliyofuata, waandike walipokuwa walipoisikia habari ile. Zaidi ya miaka miwili baadaye wakawauliza tena. Wengi walisimulia mambo tofauti kabisa na yaliyokuwa kwenye karatasi zao, tena kwa uhakika mkubwa. Wengine walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe hawakuweza kukumbuka walichokiandika.

Kwa hiyo usijione mwongo kwa kusahau. Uongo unaanza pale unapojua hukumbuki, ukatunga mazungumzo ya aya nzima na kuyatia alama za kunukuu. Andika "nadhani ilikuwa asubuhi". Andika "sura yake imenitoka, nakumbuka viatu". Maneno hayo hayadhoofishi kipande, yanaleta imani.

Nilipowasomea ndugu zangu kile cha taa, kaka yangu alisema taa ile aliishika yeye. Hakuwa anatania. Alikumbuka wembe, alikumbuka gauni lilikuwa la kijani, jambo ambalo mimi sikuwa nalo. Mama hayupo tena wa kuulizwa. Sikufuta nilichoandika, niliongeza sentensi moja: "Kaka anasema taa aliishika yeye, huenda tuliishika wote, usiku mbalimbali." Na kwa sentensi hiyo nikatambua jambo ambalo sikuwa nimeliwaza kabla, kwamba mama hakufumua mshono mara moja tu.

Na watu wengine waliomo ndani ya hadithi yangu?

Maisha ni yako, lakini siri zao si zako. Mwonyeshe mhusika kabla hujamwonyesha mwingine yeyote. Kama haiwezekani, ondoa jina, kazi yake, na alama yoyote ya kumtambulisha, kisha jiulize kama ungeweza kukisoma akiwa ameketi mbele yako. Ugonjwa wa mtu, deni lake, kilichompata katika ndoa yake: hivyo hubaki vyake hata kama wewe ndiye uliyevibeba naye.

Marehemu nao wana wao walio hai. Kumbuka hilo.

Ninachotaka kuandika kinaniumiza. Niendelee?

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika juu ya mambo yaliyowaumiza zaidi maishani, wakieleza yaliyotokea pamoja na walivyoyahisi, walitoka na huzuni kubwa kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Lakini katika miezi iliyofuata hawakwenda sana kwenye kituo cha afya cha chuo kama wenzao. Tangu wakati huo jaribio hilo limerudiwa kwa namna nyingi. Manufaa yanayoonekana kwa kawaida ni madogo, na si kila mtu huyapata.

Ninachokichukua hapo ni kwamba maumivu ya saa ile ya kuandika si dalili kwamba umekosea njia. Hata hivyo kuna maumivu yanayopungua kadiri unavyoandika, na kuna yanayokuzamisha. Ukiona hulali, au tukio linarudi kana kwamba linatokea leo, weka kalamu chini utafute mtaalamu au mtu mzima unayemwamini wa kukaa naye. Kipande kitakusubiri. Na uliyoandika kwa ajili ya kupona hayalazimiki kusomwa na yeyote. Mengine yamemaliza kazi yake yakiwa ndani ya droo.

Nataka kuwaachia watoto wangu. Je, huo si wosia?

Ni jamaa wa karibu wa wosia. Mwana Kupona, mshairi aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, alifanya kitu ambacho nakitamani kila ninapousoma. Kabla ya kutoa agizo hata moja, anaeleza hali yake: maradhi yamemshika mwaka mzima, hakupata nafasi ya kusema neno jema. Kisha anamwita binti aje akae mbele yake na wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo moyoni anapenda kumwambia. Tunamwona mama, tunamwona binti, tunaona karatasi kati yao. Maagizo yanakuja baadaye, na yanapokuja tayari tunajua ni nani anayeyatoa na kwa nini ana haraka.

Unapowaandikia wanao, waweke kwanza mahali ulipo. Una umri gani, umekaa wapi, unasikia nini chumba cha pili. Usiandike "msiwe wavivu". Waandikie siku uliyokuwa mvivu na ilikugharimu nini.

Mzazi wangu hawezi kuandika. Tufanyeje?

Mrekodi. Daktari Harvey Chochinov na wenzake nchini Kanada wana tiba ya maneno kwa wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha, waliyochapisha matokeo yake mwaka 2005: mgonjwa huulizwa maswali machache, kwa mfano ni lini alijiona yu hai zaidi na anataka wapendwa wake wajue nini, hurekodiwa, maneno yanaandikwa na kupangwa, kisha anasomewa ili asahihishe kabla ya kuwaachia anaowataka. Hatua hiyo ya kumsomea usiiruke. Mzee akisikia maneno yake yakirudi, mara nyingi husema, "Hapana, ongeza na hili," na hilo huwa ndilo lenyewe.

Naweza kuiachia programu ya akili mnemba iniandikie?

Kusahihisha herufi, sawa. Kuandika, sikushauri. Haikuwepo usiku ule, itakupa taa yoyote na mama yeyote, nawe utaridhika na sentensi laini ambazo hukuzitolea jasho. Andika vibaya kwanza, kwa Kiswahili chako cha nyumbani.

Nikibadilika baadaye, je?

Utabadilika. Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa, alichapisha insha zake za kujichunguza mwaka 1580, akazipanua kwa toleo la 1588, kisha akaendelea kujaza nyongeza pembeni mwa kurasa za nakala yake mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1592. Aliongeza mno, alifuta kidogo. Shaaban Robert naye aliandika maisha yake kwa vipande viwili, na cha pili kinatazama nyuma kutoka umri uliovuka miaka 50.

Weka tarehe chini ya kipande chako. Ukirudi baada ya miaka na kuona husadiki tena ulichosema, usikichane. Andika chini yake unachokiona sasa na uweke tarehe nyingine. Changu kina tarehe nne. Ya mwisho niliitia jioni ile kaka aliponiambia gauni lilikuwa la kijani.